Majani ya Shaba

"Utani yangu haiyalizaka muntu."

Hénoc aliisema sentensi hiyo, kwamba utani wake haujawahi kumliza mtu, kila alipopata watu wawili wa kumsikiliza, na mtaani Katuba hukosi watu wawili wa kukusikiliza. Aliisema akiwa amekalia ndoo iliyopinduliwa mbele ya atelieri, karakana ya binamu yake Désiré, mguu mmoja juu ya mwingine, kama gavana anayengoja kupigwa picha. Na ushahidi alikuwa nao. Mzee Mwape alipofariki, ni Hénoc aliyeruka kaburini kabla ya jeneza, akalala chali, akafumba macho, akatangaza kwamba hatoki mpaka wafiwa wamletee bia baridi, maana marehemu alikuwa mchoyo hata wa maji ya kunawa. Wajane walicheka mpaka vitambaa vikawadondoka vichwani.

Wasicheke kwa nini? Ukoo wa Mwape na ukoo wa Hénoc ni watani tangu mababu walipoijenga reli, na mtani kwenye msiba ana ruhusa ambayo hata padri hana. Anamtukana maiti, anapora sufuria, anaiga mwendo wa marehemu mbele ya mama yake mzazi. Anayenuna ndiye mwenye makosa, na anatozwa kuku. Mpe kijana ruhusa kama hiyo, mwongezee diploma ya sekondari na ulimi usiolala, halafu utegemee ajue mwenyewe mahali ruhusa inapokoma. Ng'o!

Kilichomlisha, hata hivyo, hakikuwa ulimi bali mkono. Désiré aligonga mabamba ya shaba kwa nyundo mpaka yatoke tembo, au mama anayetwanga. Hénoc aliandika. Vibao vya saluni, milango ya magari, majina kwenye misalaba ya makaburini. "Hata bafu ya Katuba banajua mwandiko yangu," alikuwa akisema, bafu kwa maana ya maiti, na hapo hakudanganya.

Asubuhi moja Mama Mbambu alikuja atelieri akiwa amefunga kitabu ndani ya kitenge kama mtu anayebeba mtoto mgonjwa. Alikuwa Mnande wa Butembo, mbali huko mashariki, mama mzito wa sauti ndogo, mwenye depo ya mchele na maharage kando ya barabara. Mwanawe mkubwa, Raoul, huagiza magari yaliyokwisha tumika Japani. Ndani ya mojawapo, chini ya kiti cha nyuma, Raoul alikuta kitabu cha picha kilichosahauliwa na Mjapani gani sijui, akampa mama yake afungie maandazi. Mama hakufungia kitu. Alikuwa akikifungua na kukifunga tangu kitinda mimba wake, Lévi, afukiwe na shimo la wachimbaji pembeni ya mgodi wa Ruashi.

"Hénoc, mwanangu, wewe ulisoma. Hii ni nini?"

Picha ilikuwa ya karatasi ya buluu, na juu yake herufi za dhahabu zimeteremka safu kwa safu kama mvua iliyonyooka. Chini yake palikuwa na mistari michache ya Kiingereza. Hénoc alielekeza simu yake kwenye mistari ile, simu ikatapika Kifaransa chenye mguu uliovunjika, naye akakigeuza Kiswahili kwa madaha, utadhani kitovu chake kilizikwa Japani.

Haya ni maandiko ya Budha, alimweleza, ya karne nyingi nyuma, zama za mabwana wenye panga. Karatasi ziliungwa ncha kwa ncha zikaviringishwa kwenye kijiti, zikawa msokoto mrefu unaotandikwa kama mkeka. Watu wakubwa walipofiwa, au walipoanza kuhofia zamu yao wenyewe, waligawana maandiko ukoo mzima, kila ndugu msokoto wake, na kila mmoja akashindana kuupamba kuliko mwenzake, ili sifa yake imfuate marehemu huko aliko. Karatasi ilichovywa rangi mpaka ikawa nzito kama anga kabla ya mvua. Herufi ziliandikwa kwa unga wa dhahabu uliochanganywa na gundi, kisha zikasuguliwa kwa jino la nguruwe mwitu mpaka ziwake.

"Jino la nguruwe?" Mama Mbambu aliuliza.

"Mama, hata nguruwe iko na kazi mbinguni. Angalia na hii." Hénoc alikuwa amenogewa sasa, na akinogewa hafungi mdomo. "Hapa kila herufi imekaa juu ya ua ya yungiyungi. Banasema kila herufi ni Budha muzima. Na hii picha ya mwanzo, unaona mto, mawe na majani? Banaficha herufi ndani ya majani! Mwenye haraka anaona majani tu. Mwenye pole-pole anasoma."

Mama Mbambu aliinama mpaka pua ikakaribia ukurasa. "Sasa wanaficha ili nani asome?"

"Ule anapenda."

Ilimtoka tu. Ilikuwa sentensi nzuri na Hénoc aliipenda, kama alivyopenda kila kilichotoka kinywani mwake.

Mama alifunga kitabu. Akasema anataka msokoto kama ule kwa ajili ya Lévi, lakini wenye maneno ya Injili juu ya ufufuko, uwekwe kanisani siku ya misa ya mwaka mmoja. "Mutoto wangu alitaka kuwa musomaji kanisani," alisema. "Unajua ulimi wake ulivyokuwa. Alijifunza ile somo ndani ya depo, anasomea magunia ya mchele. Akapanda kusoma mara moja tu, wakamucheka, hakurudia tena. Padri alisema neno halina kigugumizi, ni sisi tuko nacho. Nataka neno moja litoke kwa jina la Lévi bila kukwama. Moja tu. Halafu nitalala."

Hénoc aliitikia kwa kichwa, uso mrefu wa huzuni, kama picha ya mtakatifu. Maana siku ile ya somo aliijua kuliko yeyote. Lévi alisimama mbele, shati limefungwa mpaka koo, akafungua kinywa: "So-so-somo..." Na kutoka benchi la mwisho, sauti nyembamba, iliyobanwa puani, ikamsaidia: "Le-le-le-Lévi!" Kanisa lote lilipasuka, hadi mabinti wa kwaya. Lévi alifunga kitabu taratibu, kwa heshima, kana kwamba kimeisha, akashuka. Wiki chache baadaye alikwenda kuchimba Ruashi, ambako hakuna anayekutaka useme. Unapewa sururu na taa ya kichwani, basi.

Sauti ile ya puani Hénoc aliiona hadi leo kuwa mojawapo ya kazi zake bora. Kilichomuuma ni kwamba hakuna aliyejua kuwa ni yake.

Kazi ilianza. Karatasi nzito ya kuchorea ilichovywa kwenye beseni la buluu ya kufulia, ikaanikwa, ikachovywa tena, mpaka mikono ya Hénoc ikawa ya rangi ya mikono ya mzimu. Dhahabu haikuwepo. "Japani iko na dhahabu, siye tuko na shaba," alisema Désiré, akakusanya unga wa shaba chini ya meza yake ya kugongea, akautwanga, akauchekecha kwa kitambaa, akauchanganya na gundi. Hénoc aliandika. Nisimnyime haki yake: aliandika vizuri. Kila herufi ilisimama wima juu ya kiua chake, na ukitazama kwa mbali ungedhani maneno yanaelea juu ya maji usiku.

Kisha ikaja picha ya mwanzo: mto, mawe, na majani marefu kwenye ukingo. Hénoc alimwita Désiré aje kuona.

"Angalia haya majani, vieux. Pole-pole."

Désiré aliangalia. Majani yalikuwa yamesimama kisha yakakunjika chini, yote upande mmoja, kama yamepigwa na upepo. Jani, na mkunjo. Jani, na mkunjo. L. Kisha e, imejificha kwenye jiwe. L, e. L, e. Mwishoni kabisa, penye maji, jina zima la Lévi.

Désiré aliweka nyundo chini. "Futa."

"Haujacheka hata kidogo?"

"Hénoc, Banande habako batani betu. Kwetu na kwa Mwape, sawa, banajua mchezo, na kesho bataruka kwa kaburi ya baba yako. Huyu mama anatoka Butembo. Kwao hakuna mambo hii. Utamutoza kuku gani?"

"Utani haina mupaka. Na tena mama haisomi. Nani ataona? Miye, weye, na batoto ya pale kwa Mado." Kwa Mado ndiko vijana wa mtaa walikokunywa bia, na huko Hénoc alikwisha waahidi: njooni kwenye misa, mkae nyuma, tazameni majani. "Batasheka ndani ya tumbo tu. Lévi mwenyewe angesheka."

"Lévi amekufa."

"Njo maana hatakasirika."

Désiré aliokota nyundo yake akarudi kwa tembo wake. Angeweza kusema zaidi, ni kweli. Lakini mkono wa Hénoc ndio uliokuwa ukiita wateja, na watu wengi wa heshima hunyamaza kwa sababu ndogo kuliko hiyo.

Mama Mbambu alikuja na jino. Alikuwa ameliomba kwa mchinjaji sokoni, akalichemsha, akalisugua na majivu mpaka likawa jeupe. "Si la nguruwe wa porini," aliomba radhi, "ni la nguruwe wa mtu. Lakini jino ni jino." Na hakukubali Hénoc asugue. Huko Japani ukoo wenyewe ndio ulioandika, si ndiyo? Yeye kuandika hajui. Basi atasugua.

Akawa anakuja kila alasiri baada ya kufunga depo, na bakuli la bukari, yaani ugali, na samaki kwa ajili ya Hénoc, maana mtu anayemwandikia mwanawe hawezi kuandika na njaa. Alikaa kwenye kiti kifupi, msokoto juu ya mapaja, akapitisha jino juu ya kila herufi, polepole, kama mtu anayemnyoa mtoto aliyelala. Shaba iliwaka kila jino lilipopita. Hénoc alikula samaki wake akitazama.

Alipofika kwenye majani, Hénoc aliacha kutafuna.

"Majani haya yanapendeza," mama alisema. "Yote yameinama upande moja. Kuna upepo?"

"Upepo mukali, mama."

"Maskini." Akasugua. Jani, mkunjo. Jani, mkunjo. Hénoc alijikohoza, akainamia bakuli, mabega yanatikisika. Désiré alitoka nje na hakurudi mpaka jioni.

"Umepaliwa, mwanangu?"

"Mufupa, mama. Mufupa ya samaki."

Alimletea maji kwa mkono wake. Kisha akakaa, akalishika tena jino, na bila kuinua macho akasema, "Ile siku kanisani, kuna mutu mumoja alimuiga kwa nyuma. Miye nilikuwa mbele pamoja na mama za chama, sikuona. Mupaka leo sijui. Wewe ulikuwepo?"

"Apana, mama." Jibu halikumchukua hata pumzi. "Ile siku nilikuwa Luano, kusindikiza mjomba kwa ndege. Ningekuwepo, huyo mujinga ningemupiga kofi."

"Mungu akubariki," alisema Mama Mbambu, akaendelea kusugua. Kidole chake kilikuwa kimefika penye maji. Hapo kilisimama kidogo, kikarudi nyuma, kikapita tena juu ya mikunjo kama kipofu anayepapasa uso wa mtu. Hénoc hakuona. Alikuwa akitafuta mwiba mwingine kwenye samaki.

Siku ya misa Hénoc alivaa shati lake la njano, lile la sikukuu, akaketi mbele penye heshima, jirani na ukoo wa wafiwa. Mama mwenyewe alimwekea nafasi. Vijana wa kwa Mado walijipanga benchi la mwisho. Kabla ya baraka za mwisho padri alimpa Mama Mbambu nafasi ya kusema. Meza iliwekwa mbele ya altare, Raoul akashika ncha moja ya msokoto na Dorcelle, dada yake Lévi, akashika ncha ya mwanzo yenye picha. Wakatembea kuachana mpaka buluu yote ikafunguka na shaba ikashika mwanga wa madirisha. Watu walisema "aaa" kwa pamoja. Hénoc aligeuka nusu kuwatazama wenzake wa nyuma, akawakonyeza: kushoto, kwenye majani.

"Bandugu," Mama Mbambu alianza kwa sauti yake ndogo, na kanisa likanyamaza ili limsikie. "Miye sikusoma. Jina moja tu ndilo ninalojua, kwa sababu ninaliona kwenye musalaba kila nikienda kumusalimia. Musalaba huo aliandika Hénoc. Na huu aliandika Hénoc." Alitabasamu. "Aliniambia Wajapani wanaficha maneno ndani ya majani, ili anayependa asome. Sasa siku moja ninasugua, kidole kikasimama. Nikaona ile alama juu ya e, kama kofia imeinama. Nikasema, Mungu wangu, huyu mutoto amenifichia Lévi wangu ndani ya majani! Na hakuniambia. Alitaka nimukute mwenyewe."

Wamama walipiga vigelegele. Mmoja aliyekaa nyuma ya Hénoc alimpigapiga begani.

"Lakini mbele ya jina kuna kitu kingine kimefichwa, na hicho sikijui. Sikutaka kuuliza mutu mwingine. Hénoc, mwanangu, kuya hapa usomee watu."

Hénoc alisimama. Umbali kutoka benchi hadi meza ulikuwa mfupi tu, lakini aliweza kutazama nyuma mara moja, akaona jambo ambalo hakulitegemea: wale wa kwa Mado hawakuwa wakicheka, hata ndani ya tumbo. Walikuwa wakitazama viatu vyao. Désiré, karibu na nguzo, hakutazama viatu. Alimtazama yeye.

"Ni majani tu, mama," Hénoc alisema. "Inasindikiza jina."

"Soma vile iko, mwanangu."

"Minasema ni majani. Mapambo."

"Haiko mapambo."

Aliyesema alikuwa Dorcelle. Hakupandisha sauti, alikuwa bado ameishika ncha yake kwa mikono miwili, na picha ilikuwa chini ya macho yake kabisa. "Mama, ni L na e. L na e. L na e. Halafu Lévi. Ni vile walimuita ile siku."

Hénoc alicheka peke yake, kicheko kifupi, akainua mikono yake yenye buluu kwenye kucha. "Ni utani, bandugu! Siye tuko batani ya bafu, bote bananijua. Na ile siku miye sikukuwa hata hapa. Mama eko shahidi, nilimwambia, nilikuwa Luano—"

"Ulikuwa benchi ya mwisho," Dorcelle alisema. "Nilichelewa, nilisimama kwa mulango nyuma yako. Ulibana pua na vidole viwili. Na ulivaa shati hii hii. Lévi alikuona kutoka kule juu, Hénoc. Njano inaonekana mbali. Nilitaka nimwambie mama, Lévi akanikatalia. Njiani tukirudi nyumbani akaniambia, 'A-a-acha, ni u-utani.' Ilimuchukua njia yote kusema ile."

Akaachia ncha. Msokoto ulijiviringisha wenyewe juu ya meza, picha kwanza, ukayameza majani na mto, ukaja mpaka ukagonga mkono wa Mama Mbambu, ukasimama.

Mama aliufungua tena, kidogo tu, mpaka kwenye majani. Akafungua ncha ya kitenge chake alimofungia jino la nguruwe, akaliweka kiganjani mwa Hénoc, akamfunga vidole kimoja kimoja.

"Futa," alisema. "Tunangoja."

Hakuna aliyetoka. Padri mwenyewe alikaa. Hénoc alipiga magoti mbele ya meza, jasho limelishika shati la njano mgongoni, akaanza kukwaruza jani la kwanza kwa ncha ya jino. Alikwaruza kwa nguvu. Lakini mama alikuwa amesugua vizuri mno, alasiri baada ya alasiri; shaba ilikuwa imeingia kwenye karatasi kama mizizi, na kila jino lilipopita, L iliwaka zaidi, mpaka na wale wa nyuma kabisa, wasioona vizuri, wakaweza kuisoma.